Kifusi cha Nyumba ya Zamani: Kuuza, Kujazia, Kuponda au Kupeleka Pugu?

Ramani imepita, fundi yuko tayari, na nyumba ya zamani bado imesimama kiwanjani ikisubiri kushushwa. Wengi wetu Dar es Salaam hatuulizi kifusi kitakwenda wapi mpaka ukuta wa kwanza ulale chini. Hapo tayari umechelewa. Dereva wa Fuso anataja bei anayoitaka kwa sababu anaona huna pa kukimbilia, na kifusi cha watu wengi huishia mtaroni au kando ya Mto Msimbazi usiku, mvua za masika zikija kila mtu anashangaa maji yamepitaje ndani.

Njia za halali ni nne: kubomoa kwa mkono na kuuza vifaa, kutoa kifusi kikajazie mahali panapokihitaji, kukiponda kiwe kokoto na tofali, au kukipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Hapa ninazilinganisha kwa ajili ya mtu mwenye nyumba moja ya kubomoa, au mkandarasi mdogo mwenye kazi mbili tatu. Aliye Unguja na kutegemea Kibele, au Nairobi na kutegemea Dandora, atabadilisha majina na bei. Maswali ya kujiuliza yanabaki haya haya.

Jua kwanza una kifusi kiasi gani

Chukua tepu upime urefu wa kuta zote, za nje na za ndani. Tuseme jumla ni mita 60 na kimo ni mita 2.7. Ukitoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 140 za ukuta. Tofali la inchi 6 likiwa na plasta pande zote mbili hukaribia unene wa sentimita 18, kwa hiyo kuta zako zina ujazo wa mita 25 hivi. Lakini ukuta ukishavunjwa mapande yake hayalali yakabanana kama mwanzo. Kifusi huvimba kwa karibu nusu, na hizo mita 25 zinakuwa 37 au 38. Ikiwa bodi la Fuso ya tani 7 linachukua mita 5 za ujazo, hizo ni tripu saba hadi nane.

Hapo hujagusa jamvi, yaani sakafu ya zege. Nyumba ya mita za mraba 80 yenye jamvi la sentimita 10 ina mita 8 za ujazo za zege, na zege lina uzito wa tani 2.4 kwa kila mita. Ni tani 19, yaani tripu tatu nyingine, hata kama kwa macho lori halijajaa. Dereva anayekwambia "tutajaza mpaka juu" kwenye zege tupu anakuandalia shoka la kukatika barabarani au faini.

Ukiwa na idadi ya tripu, kila bei utakayosikia baadaye utaweza kuipima.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: gharama na kinachorudi mfukoni, muda na nafasi inayohitajika, hatari na sheria, na mtu anayefaa kuitumia. Suala la mazingira sikulitenga peke yake, linaingia katika yote.

Kuna masharti mawili yanayotangulia njia yoyote. La kwanza ni kutenganisha. Zege na tofali zikikaa peke yake ni mali, hata kama ni mali ndogo. Zikichanganywa na singbodi, mifuko ya plastiki, vioo, nguo na udongo wa bustani, hakuna anayezitaka isipokuwa dampo. Kutenganisha kunafanyika wakati wa kubomoa. Lundo likishakuwa moja, kulichambua kunamaliza faida yote.

La pili ni asbesto. Baadhi ya nyumba na majengo ya zamani yana mapaa ya saruji ya kijivu yenye mawimbi mapana, mazito kuliko bati. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu huleta saratani inayojitokeza baada ya miaka mingi. Usilipige nyundo, usilikate kwa msumeno, usilitie kwenye lundo. Hizo ni taka hatarishi na utaratibu wake unaanzia NEMC, baraza la taifa la mazingira, si kwa fundi wala dereva.

Njia ya kwanza: kubomoa kwa mkono na kuuza vifaa

*Gharama na kinachorudi.* Unalipa vibarua kwa siku nyingi zaidi kuliko ungelipa skaveta kwa siku moja, lakini ni njia inayorudisha fedha haraka kuliko nyingine zote. Wapo wabomoaji wanaokubali kufanya kazi kwa malipo ya vifaa vyenyewe, au hata kukuongezea kitu juu. Kabla hujakubali, hesabu bati, kenchi, milango, grili na masinki uliyonayo. Mali ya nyumba za zamani aghalabu iko kwenye mbao. Fremu ya mvule au mlango wa mninga uliokaa miaka 50 ukipigwa randa unatoka mpya, na mbao ya namna hiyo leo ni ghali mno dukani. Fremu kama hiyo haing'olewi kwa mtaimbo. Fundi anayejua anachimba plasta kuizunguka kwa tindo, anakata vishikizo vilivyoingia ukutani, kisha anaivuta nzima. Akiibandua kwa nguvu inapasuka kwenye maungio na unabaki na kuni.

Bati lenye matundu ya misumari halirudi juu ya nyumba ya kuishi, ila lina wateja wa uzio wa saiti na mabanda ya kuku. Nyaya na mabomba huuzwa kwa kilo. Nondo vilevile: wanunuzi wa chuma chakavu huzipeleka viwandani zikayeyushwa. Kuna watu watakaotaka kuzinyoosha wazirudishe kwenye ujenzi. Kwa nguzo, lenta na mkanda wa nyumba, nasema hapana kabisa. Nondo iliyokunjwa ikanyooshwa kwa nyundo imeshachoka pale ilipokunjwa, na macho hayaoni.

Tofali zinategemea kilichozishika. Nyumba iliyojengwa kwa chokaa au udongo huachia mawe na tofali zake kwa kugongwa kidogo tu. Iliyojengwa kwa saruji kali huvunjika tofali kabla ya kiungo kuachia, na utaokoa chache.

*Muda na nafasi.* Inataka siku nyingi, na inataka mahali pa kupanga vitu vikiwa salama dhidi ya mvua na wezi. Mwaka 2017, ilipobomolewa hifadhi ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, wenye nyumba walikuwa wakishusha bati na kung'oa madirisha wakikimbizana na tingatinga. Aliyeanza mapema aliokoa kingi. Ukiwa na tarehe ya lazima juu ya kichwa chako, weka nguvu kwenye paa, milango na madirisha, kuta ziache.

*Hatari na sheria.* Paa likishatoka, kuta ndefu zinabaki bila kitu cha kuzishika juu, na upepo au mtikisiko mdogo unatosha kuziangusha. Zishushwe kutoka juu, kozi kwa kozi, asiwepo mtu wa kuchimba chini ya ukuta ili "ulale wenyewe". Umeme ukatwe na TANESCO na maji na DAWASA kabla kibarua hajapanda. Kibali cha kubomoa kinatoka halmashauri, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya serikali ya mtaa.

*Inamfaa* mwenye nyumba ya zamani yenye mbao nzuri, asiye na haraka ya wiki hii. Kumbuka kuwa njia hii haimalizi kifusi. Kuta zilizovunjika bado ziko pale, zinasubiri mojawapo ya njia tatu zinazofuata.

Njia ya pili: kifusi cha kujazia

*Gharama na kinachorudi.* Watu wananunua udongo wa kujazia kila siku Chanika, Kigamboni na Bunju, huku wewe una mita 37 unazotaka ziondoke. Ukimpata mwenye shimo aliye karibu, mara nyingi atalipia usafiri, au mtagawana. Kwa nyumba moja ya kawaida hii ndiyo inayotoka rahisi zaidi, na kila tripu inayojazia kiwanja ni tripu isiyochimbwa kwenye kilima cha mtu. Kifusi kinaweza pia kubaki hapo hapo kwako, chini ya jamvi la nyumba mpya, na usafiri ukawa sifuri.

*Muda na nafasi.* Hutoka haraka, ila inategemea mteja awepo siku ile ile unayobomoa. Tafuta shimo kabla ya kutafuta skaveta. Uliza mafundi, uliza dalali wa viwanja, uliza mjumbe. Barabara za mitaani zilizochimbika nazo huhitaji kifusi, lakini patana na ofisi ya mtaa kwanza, maana mapande yaliyomwagwa bila kusawazishwa ni kero kuliko shimo lenyewe.

*Hatari na sheria.* Hapa ndipo nina wasiwasi, kwa sababu njia hii inafanywa hovyo kuliko zote.

Kifusi hakijazii vizuri kikimwagwa kwa lori na kusawazishwa juu juu. Mapande makubwa yanaacha mapengo ndani. Baada ya mvua mbili tatu udongo wa juu unateremka kwenye mapengo hayo na jamvi linabaki likining'inia, kisha linapasuka. Vunja mapande yawe ya kiasi cha ngumi, weka tabaka za sentimita 15 hadi 20, mwagia maji, shindilia kwa kompakta, ndipo uongeze tabaka jingine. Msingi wa kuta usiketi juu ya kifusi hata kama kimeshindiliwa. Uchimbwe upite mpaka ardhi iliyo imara.

Kipande cha mbao kilichobaki ndani ni chakula cha mchwa. Wanakula kwanza hicho, kisha wanapanda kupitia ufa wa jamvi kutafuta fremu zako mpya. Ndiyo maana narudia habari ya kutenganisha.

Halafu kuna bonde. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe na kingo za maji mengine. Mtu anayekuomba kifusi ajazie "kiwanja" chake pembeni ya Msimbazi, Mto Mpiji au mtaro wa mvua anakuomba usukume maji kwenye nyumba ya jirani. Lori likikamatwa, kifusi ni chako. Nenda ukaone shimo kwa macho yako kabla ya tripu ya kwanza, na mwishoni omba picha.

*Inamfaa* mwenye kifusi safi cha zege, tofali na mawe, aliye na uhitaji wa kuinua kiwanja chake au anayemjua mhitaji wa karibu. Nyumba ya miti na udongo ambayo mbao zake zimetolewa vizuri, udongo wake nao unafaa kwa bustani na kusawazisha uwanja, ingawa si kwa kubeba jamvi.

Njia ya tatu: kuponda iwe kokoto na tofali

*Gharama na kinachorudi.* Kokoto za Dar hutoka Kunduchi, na nyingi zaidi husafiri kutoka Lugoba na maeneo ya Chalinze. Nyingi ya bei unayolipa ni mafuta ya lori. Kwa hiyo mtu akiona zege lake la zamani limelala pale pale anapotaka kujenga, akili inamwambia liponde. Ni hoja nzuri. Na imepimwa kwetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulichukua sampuli nane za kifusi kutoka saiti za Tanzania, ukazisaga na kuzichekecha, ukatengeneza tofali za zege bila kuongeza kokoto wala mchanga wa asili. Tofali zilikuwa dhaifu kuliko za kawaida, lakini asilimia 85 ya zilizopimwa zilifikia nguvu ya nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa nchini kwa tofali la kubeba uzito.

Usisome asilimia hiyo upande mmoja tu. Tofali 15 katika kila 100 hazikufika, na hiyo ni kazi ya watu wenye maabara. Saiti ya mtaani ambako mfuko mmoja wa saruji unalazimishwa utoe tofali 40 na zaidi itafanya vibaya kuliko hapo.

Kwa mkono, kazi hii inafanana na ya wagonga kokoto wa Kunduchi: jiwe linazungushiwa pete ya mpira wa tairi lisiruke, nyundo inashuka, vumbi linapanda. Ni kazi ngumu, na malipo yake yawe ya haki. Krasha ya kukodi, mashine ya kupondea, inaokoa migongo ila inakuja na gharama ya kuisafirisha, na kwa mita 37 hesabu mara nyingi haifungi. Kwa mita mia kadhaa inaanza kufunga.

*Muda na nafasi.* Ndiyo njia inayohitaji nafasi kubwa zaidi: pa kuweka mapande, pa kuponda, pa chekecheke, pa kulaza tofali zikimwagiwa maji kwa angalau siku saba. Kiwanja cha Kariakoo hakina hata robo ya nafasi hiyo, na majirani hawatavumilia vumbi na kelele.

*Hatari na sheria.* Kokoto za kifusi zina saruji ya zamani iliyozing'ang'ania, na saruji hiyo hunywa maji. Ukizichanganya kavu zinakunyonya maji ya mchanganyiko na zege linakauka kabla halijashika. Ziloweshe siku moja kabla, ziache zichuruzike, ndipo uchanganye. Kwenye nyumba za pwani chunguza pia kama plasta ya zamani ilitumia mchanga wa bahari. Chumvi yake haidhuru tofali la uzio, ila ikikutana na nondo inaozesha chuma taratibu mpaka zege linabanduka. Kokoto hizi ni za tofali, jamvi la uani, njia za miguu, sehemu za kuegesha gari na zege la chini ya msingi. Zisiingie kwenye nguzo, slabu au boriti za ghorofa bila mhandisi kuzipima. Peleka tofali chache maabara zikavunjwe kabla hujafyatua 1,000.

Wafanyakazi wavae barakoa na miwani, na lundo linyunyiziwe maji. Vumbi la zege linaharibu mapafu ya mtu anayelivuta kila siku.

*Inamfaa* mwenye zege nyingi na uwanja mpana, mkandarasi mwenye saiti kadhaa jirani, shule au taasisi inayobomoa madarasa ya zamani ili ijenge mengine hapo hapo. Kuta za udongo, za chokaa laini au zenye jasi nyingi hazitoi kokoto yoyote.

Njia ya nne: dampo la Pugu Kinyamwezi

*Gharama na kinachorudi.* Hakuna kinachorudi. Unalipia upakiaji, usafiri na ada, na anayetoka Mbezi Beach au Tegeta anavuka jiji zima mpaka apite Gongo la Mboto. Ila ni gharama unayoijua mapema, na kwa kifusi kilichochanganyika haina mbadala.

*Muda na nafasi.* Haraka kuliko zote kwa upande wa kiwanja chako: skaveta inapakia, malori yanazunguka, siku mbili tatu uwanja mweupe. Wakati wa mvua kubwa njia za ndani ya dampo huharibika na malori hupanga foleni, kwa hiyo kama unaweza, bomoa kiangazi.

*Hatari na sheria.* Kwa mwenye nyumba, hii ndiyo njia yenye usalama mkubwa wa kisheria, mradi tripu zifike kweli. Dai risiti ya kila tripu, na mlipe dereva fungu la mwisho akishazileta. Dereva anayetaja bei ya chini sana kuliko wenzake hana mpango wa kufika Pugu.

Kwa jiji mzigo unaonekana baadaye. Wakazi wa Tabata waliipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Tangu hapo taka zimepita Vingunguti na Mtoni kabla ya kufika Pugu Kinyamwezi, na kila zinapohamia kuna watu wanaoishi jirani. Maganda ya ndizi yanaoza na kupungua. Zege halipungui, linachukua nafasi yake milele.

Lakini zege hilo hilo linaweza kulifaa dampo. Kifusi safi kikimwagwa kwenye kona yake, bila kuzikwa na taka za jikoni, kinajenga njia za ndani ili malori yasizame masika, kinafunika taka zilizoshindiliwa, na kikizidi krasha moja inaweza kukigeuza kokoto. Kiasi ambacho mwenye nyumba mmoja hawezi kukifikia kinapatikana pale kila siku, kutoka kwa wote. Ningependa sana kuona Halmashauri ya Jiji ikitoza ada ndogo kwa lori la kifusi kilichotenganishwa kuliko lile lililochanganyika. Watu wangeanza kutenganisha wiki hiyo hiyo.

*Inamfaa* mwenye muda mfupi, kiwanja finyu, au kifusi kilichokwisha kuchafuka.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una nyumba ya vyumba sita Kariakoo, Ilala au Magomeni, kiwanja kimebanwa pande zote: mpe kazi mbomoaji wa mkono atoe paa, milango na kila mbao, uza hapo hapo, kisha kuta ziende kwa lori. Tripu za zege na mawe safi zitafutie shimo la kujazia, na zilizobaki na udongo, vioo na takataka zipeleke Pugu. Kuponda usikufikirie.

Unajenga upya mahali pale pale, Goba au Kigamboni, na sakafu mpya inatakiwa ipande juu: bakiza kifusi chote cha tofali na zege, kivunjwe kidogo kidogo na kushindiliwa kwa tabaka. Usinunue udongo wa kujazia mpaka uone kimekuishia.

Una zaidi ya mita 200 za zege na uwanja wa kutosha: tafuta bei ya krasha kwa siku, ilinganishe na bei ya kokoto kutoka Lugoba zikifikishwa kwako, pamoja na bei ya tripu ulizookoa. Wengi husahau hiyo namba ya tatu, na aghalabu ndiyo inayoamua.

Umepewa muda mfupi wa kupisha mradi wa barabara au bonde: bati, fremu, grili na nyaya kwanza. Uliza kwa maandishi kama mradi unaondoa kuta wenyewe, kabla hujatumia shilingi kuzivunja.

Na kama umebadilisha marumaru ya bafu tu, una mifuko kumi na tano: usiiweke kwenye gari la taka za nyumbani, wala usiimwage kwenye kona ya mtaa. Muulize jirani anayejenga. Vipande vya marumaru na plasta vilivyopondwa vinaingia vizuri chini ya jamvi la uani, na guta moja litaimaliza kazi kabla ya mchana.